Mwenza wa Kamba Moja

Jumamosi ile mvua ya Tukuyu ilikuwa haijaamua kama inanyesha au inaacha. Mwalimu Tusekile Mwambeje alikuwa katika chumba cha wageni, miwani usoni, fulana nyeusi imembana kifuani, mikono yote miwili ameiinua hewani kama mtu anayechuma maparachichi asiyoyaona mwingine. Lakini kwa macho yake mwenyewe hakuwa Tukuyu. Alikuwa ananing'inia kwenye jabali jekundu, mawingu yakipita chini ya nyayo zake, na kwenye ncha ya pili ya kamba alikuwepo Kunguru.

"Mvua," Kunguru aliita. Hilo ndilo jina alilompa Tusekile siku ya kwanza alipomwambia anakaa Tukuyu. "Mvua, hapa tunafanya nini?"

Mchezo uliitwa Genge, kwa maana ya zamani ya jabali, na sharti lake kuu lilikuwa kwamba hakuna anayepanda peke yake. Watu wawili hufungwa kamba moja, na kamba hiyo haikuwa picha tu. Fulana ilisoma mapigo ya moyo, pumzi, kukaza kwa misuli, na ule mtikisiko wa ndani ambao mafundi waliupa jina refu na watu wakauita tu hali. Ikavikusanya vyote, ikavipeleka kwa mwenzako. Mwenzako akitaka kuteleza, unajua kabla yake. Akiogopa, tumbo lako ndilo linalopoa.

Siku hiyo kilichoshuka kwenye kamba hakikuwa hofu. Ulikuwa ukungu. Mahali ambapo kwa miaka mitatu alizoea kumkuta mtu, mtu mwenye utani na ubishi mwingi, palikuwa patupu. Tusekile alimwona ameshika fundo la kamba vidoleni, analigeuza huku na huku, hajui la nini. Akilifungua, wangeporomoka wote wawili.

"Nimekushika, Kunguru," alimwambia, akilainisha sauti kama anayembembeleza mgonjwa. "Usiogope. Nimekushika, siendi popote. Tulia hapo hapo na mimi."

Nyuma yake mlango ulikuwa umefunguka. Mumewe, Ambokile, aliyerudi mapema kutoka kikao cha wakulima wa chai, alisimama na mwavuli unaochuruzika maji, akayasikia maneno yale yote. Kisha akaufunga mlango polepole, asimshtue.

Ukungu ulipoondoka, Kunguru alipumua kwa nguvu.

"Umenirudia tena ule ugonjwa," akasema. "Ahadi yetu ipo palepale, Mvua. Wanangu wasijue."

Jina lake la kweli lilikuwa Hatibu Mshangama, mpima ardhi mstaafu, mjane, akiishi peke yake Korogwe. Alimweleza hayo miezi michache nyuma, siku aliposahau neno la daraja katikati ya daraja. Binti yake wa Dar es Salaam, alisema, akijua atauza nyumba na kumhamisha. "Na hii fulana ndiyo ataitupa ya kwanza. Kila akinipigia simu ananiambia mzee mzima hachezi, na kwamba michezo ndiyo inayonila akili. Sasa akijua akili yenyewe inaliwa kweli, nitamjibu nini?"

Tusekile alikuwa ameahidi kunyamaza. Wakati ule ahadi ilionekana nyepesi.

*

Ambokile hakufoka. Alikula ndizi zake, akanawa mikono, ndipo akauliza: "Kunguru ni nani?"

"Mwenzangu wa kwenye mchezo."

"Mwanamume?"

"Mwanamume, ndiyo. Mtu mzima sana."

"Na huyo ndiye unayemwambia umemshika, huendi popote."

Tusekile alifungua mdomo kueleza, akakumbuka ahadi. "Baba Subi, lipo la kueleza. Ila si langu la kulisema."

Katika ndoa yao ya miaka mingi walikuwa wamegombania mashamba, karo, hata jina la mtoto. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake neno kama hilo. Asubuhi Ambokile alikwenda kwa mama yake, na kabla juma halijaisha kikao cha ukoo kiliitwa.

Walikutana nyumbani kwa Tusekile mwenyewe, mchana, chai ikipita mkono kwa mkono. Baba mkubwa Asajile, kaka wa marehemu baba mkwe, aliketi kwenye kiti cha heshima. Mama mkwe, Bibi Tupokigwe, aliketi wima karibu na dirisha, hakugusa kikombe chake.

"Mimi nilipoolewa ukoo huu," alianza Bibi Tupokigwe, "niliambiwa mke akikosa hukosea jikoni, shambani, au kitandani. Hii ya kukosea hewani sijapata kuisikia."

"Mama Subi," baba mkubwa akadakia, "wewe ni mwalimu. Unawafundisha kemia watoto wa watu. Ukitoka hapo unavaa fulana unapunga mikono kama mtoto anayefukuza nyuki. Shuleni wanasemaje?"

"Wananiuliza nyanya za genge langu zimepanda bei kiasi gani, baba."

Shemeji mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Wanacheka, nami nimezoea," Tusekile aliendelea. "Mtu mzima akikaa na pombe mpaka jioni mnasema anapumzika. Akitazama mpira akapiga kelele mpaka majirani wakafunga madirisha, anapumzika. Mimi nikimaliza kusahihisha madaftari na kupika, nikapanda jabali saa moja, nimeharibikiwa. Sijawahi kulaza nyumba hii na njaa kwa ajili ya mchezo. Muulizeni mwenye nyumba."

Ambokile alikuwa anaangalia sakafu. "Hilo ni kweli," alisema. "Hatukuitana kwa ajili ya kucheza. Tumeitana kwa ajili ya huyo mtu."

"Basi kuna ugumu gani?" baba mkubwa aliuliza. "Tuonje, yaishe."

Siku hizi mtu haapi tena kwa kaburi la baba yake. Fulana huhifadhi hali ya aliyeivaa kwa majuma kadhaa, na mwingine akiivaa anaweza kuzionja saa zilizopita kana kwamba ni zake. Mabaraza ya kata yalikuwa yakiamua kesi kwa njia hiyo, na ndoa ngapi zilikuwa zimepona au kuvunjika kwa kuonja. Kila aliyekuwa sebuleni alijua kwamba dakika chache tu zingetosha. Wangeonja huruma, wangeonja wasiwasi wa mwalimu kwa mgonjwa, na lile jambo lililowakusanya lingeisha kabla chai haijapoa.

Tusekile alijua pia jambo ambalo wao hawakulifikiria. Hali za watu wawili waliofungwa kamba moja husukwa pamoja kama mkeka. Ukichomoa ukili mmoja, mkeka wote unafumuka. Wakimwonja yeye, wamemwonja na Mzee Hatibu, ukungu wake na aibu yake. Na sheria ilitaka kila anayeonjwa apewe taarifa, yeye pamoja na ndugu aliyemwandikisha. Taarifa hiyo hujituma yenyewe pamoja na nakala ya kilichoonjwa, na hakuna mtu awezaye kuizuia. Ndugu aliyeandikishwa alikuwa yule binti wa Dar.

Alitazama mkono wa mumewe juu ya goti, mkono ulioanza kuzeeka bila yeye kugundua. Akafikiri: huyu ni wangu, yule ni mgeni nisiyewahi kumwona uso. Nani angenilaumu? Hata Mzee Hatibu mwenyewe huenda asikumbuke kesho kwamba niliahidi.

Wazo hilo la mwisho ndilo lililomtia baridi. Kama ahadi kwa mtu anayesahau haina uzito, basi mtu huyo ameshakufa angali hai.

"Sitaonjwa," alisema. "Yangu ningewapa yote. Lakini humo mna mambo ya mtu mwingine, na hajaniruhusu."

Baba mkubwa aliilaza fimbo yake miguuni. "Kama ni hivyo, mwanangu, itabidi uende kwenu Kyela ukapumzike kidogo, mpaka tutakapokuita."

Wote walijua kupumzika huko maana yake nini. Wapo waliokwenda kupumzika wakaota mvi huko huko.

Tusekile alisimama. "Kabla sijakwenda, ninayo fulana ya pili, aliiacha Subi alipokwenda chuo. Yeyote kati yenu aivae, afungwe kamba na mimi, sasa hivi. Kwenye kamba hakuna anayeweza kudanganya. Mtanisikia nilivyo leo, na hakuna mtu mwingine atakayeumia."

Hakuna aliyesogea. Baba mkubwa aliikazia macho fulana ile kana kwamba ni nepi aliyoombwa aivae mbele ya wakwe. Mashemeji walisomana nyuso. Kucheza, mbele ya watu, mchana kweupe, na mvi kichwani: heri kushuhudia ndoa ikivunjika.

Ambokile ndiye aliyeinuka. Mzee wa kanisa, mtu mzito wa mwili na wa maneno, ambaye hata harusini hucheza kwa kuyumbisha kichwa tu.

"Nipe," alisema.

*

Fulana ilimbana tumboni, na mashemeji wakapata kitu cha kutazama. Alivaa miwani, akanyoosha mikono, akapapasa hewa kama mtu aliyezimikiwa na taa. Kumbe huko alikokuwa ameshaona kina kilicho chini yake.

Tusekile alifunga fundo. Mara ile ile hali ya mumewe ikamwingia kifuani, naye akashangaa. Juma zima alidhani anaishi na hasira. Haikuwa hasira. Ilikuwa hofu kavu, ya mtu aliyeachiwa mkono katikati ya gulio, anazunguka anatazama nyuso na hakuna hata moja ya kwao.

"Baba Subi," alinong'ona.

"Usiniambie kitu. Niambie niweke mguu wapi."

"Kushoto kwako. Juu kidogo. Hapo."

Alipanda. Alipanda vibaya, akihema, akigonga meza ya kweli kwa paja, lakini alipanda. Kwenye ukingo mwembamba mguu ulimponyoka, mwili wote ukaning'inia, na Tusekile akakaza kamba kwa mikono miwili. Walikaa hivyo, wamening'inizwa juu ya mawingu, mapigo yao yakigongana.

"Huo moyo ulioruka," Ambokile aliuliza taratibu, "ni wangu au wako?"

"Wangu."

"Umeruka kwa ajili yangu?"

"Umeteleza wewe. Uruke kwa ajili ya nani?"

Ile hofu ya gulioni ilianza kulegea, kidogo kidogo, kama fundo lililoloweshwa maji. Baadaye alimwambia mtu wa karibu naye kwamba katika miaka yote ya kanisa na ya ndoa hakuwahi kusikia kwa hakika namna hiyo kwamba yupo mtu anayetaka asianguke.

Walipofika mahali pa kusimama, Ambokile alisikiliza. "Kuna mzigo umeubeba," alisema. "Upo hapa, chini ya mbavu. Si mapenzi huu. Kuna mtu unamwogopea."

"Ndiyo."

"Anaumwa?"

"Tafadhali usiniulize. Kamba itakujibu kabla yangu, nami nitakuwa nimevunja ahadi bila kufungua mdomo."

Alimwelewa. Tusekile alisikia jinsi mumewe alivyolishika swali lililokuwa njiani, akalirudisha. Katika mengi aliyomfanyia, hilo aliliona kubwa.

Ambokile alivua miwani, jasho likimtiririka shingoni. Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Umeona nini?" baba mkubwa aliuliza.

"Nilichokipata ni changu na mke wangu. Sina kesi naye. Nawashukuru kwa kuja."

Baba mkubwa alitaka kusema neno, akaishia kuomba chai. Bibi Tupokigwe alijifunga khanga yake vizuri na kuchukua mwavuli. "Wewe umeonja," alimwambia mwanawe mlangoni. "Mimi sijaonja kitu." Akaondoka bila kumuaga mkamwana wake.

*

Ingefaa hadithi iishie hapo, lakini mzigo wa chini ya mbavu ulikuwa palepale. Tusekile alikuwa ameitetea siri mbele ya wakwe, na sasa alianza kujiuliza alikuwa anaitetea kwa faida ya nani. Mkutano uliofuata kwenye jabali, hakufunga fundo.

"Leo hatupandi, Mzee Hatibu," alisema. Hakuwahi kumwita jina hilo mchezoni. Akamsimulia yote, kikao, Kyela, fulana ya Subi.

Mzee aliuliza: "Kwa nini hukuwaonjesha? Mimi ni nani kwako?"

"Mle ndani ulikuwemo na wewe."

"Juzi niliacha jiko likiwaka," mzee alisema ghafla. "Jirani ndiye aliyezima. Alinikuta sebuleni natafuta funguo nilizozishika mkononi."

"Siri yako nitaitunza," Tusekile alimwambia. "Sitamwambia binti yako, wala mtu yeyote. Lakini sitaki kuwa mtu pekee anayeijua. Mimi niko Tukuyu, mzee wangu. Ukianguka Korogwe, mkono wangu haufiki. Mwambie mwenyewe, kwa maneno yako, ungali unayo."

"Kwa hiyo na wewe umekuwa kama wao. Mnataka niwekwe kabatini."

"Ningekuwa kama wao ningewaonjesha."

Alipotea. Hapakuwa na kwaheri. Palibaki jabali tupu na upepo wa kutengenezwa. Jumamosi iliyofuata Tusekile alingoja, na iliyofuata, na nyingine tena. Ambokile alikuwa akimletea chai chumbani na kuiweka chini bila kuuliza. Siku moja alimkuta mkewe amekaa kitandani na fulana mapajani, macho mekundu. Akaketi kando yake.

"Ulimwambia neno gumu?" aliuliza.

"Nilimwambia la kweli."

"Basi mwache alitafune. La kweli lina mifupa."

*

Mvua za masika zilikuwa zimeshika hasa ndipo jabali lilipomwita. Alivaa miwani akakuta watu wawili wamesimama chini, si mmoja. Wa pili alikuwa amesimama ovyo, miguu imepishana, kama mtu aliyevishwa viatu visivyo vyake.

"Shikamoo dada," sauti ya mwanamke ilisema. "Naitwa Mwanjaa, binti yake Mzee Hatibu. Baba amenikataza kugusa kitu mpaka wewe uniambie."

"Marahaba. Amekueleza?"

"Alinipigia simu mwenyewe. Nikaja na gari, nimejiandaa kubeba vyombo na kumchukua. Akaniambia, kabla hujabeba hata kijiko, vaa hii. Nikacheka, dada, siwezi kukuficha. Nilimwambia, baba, wewe unapotea na bado unataka tucheze? Halafu nikafungwa naye. Nilidhani ugonjwa wake ni giza tupu. Kumbe baba yangu bado yumo mle, anajishikilia kwa nguvu zake zote. Kwenye simu sikuwahi kumsikia."

"Na nyumba?"

"Haiuzwi. Nimehamia mimi Korogwe, kazi yangu naifanyia hapa. Daktari anamwona. Hatapona, ametuambia wazi. Ila akiwa kwenye kamba anatulia, na akitulia, tunaongea."

Mzee Hatibu alikuwa ameshasogea kwenye jabali, analipapasa kwa viganja, kama mpimaji anayeurudia mpaka alioupima ujanani. Akageuka kumtazama Tusekile.

"Huyu naye ni nani?" alimuuliza binti yake.

Hata kabla ya kufungwa kamba ukungu ulionekana, mzito kuliko siku ya lile fundo. Tusekile hakuukataa, ingawa ulimuuma. "Naitwa Mvua," akasema. "Tunapandaga wote."

"Mvua." Mzee alilionja jina. "Basi funga vizuri. Na huyu mtoto umweke katikati, hajui kitu."

Walifungana watatu. Mwanjaa alipiga kelele kwenye hatua ya kwanza, baba yake akamcheka, na kicheko kile kikapita kwenye kamba nzima, kikamfikia Tusekile kikiwa bado cha moto. Walikuwa wamefika penye ukingo mbaya, yeye ametangulia, uzito wa wote wawili uko mikononi mwake, aliposikia mlango wa nyumba ukigongwa, kisha sauti ya mama mkwe wake ikiingia sebuleni, ikisalimiwa, ikiuliza yuko wapi Mama Subi mpaka wageni wapokewe na mwanamume.

"Yuko jabalini, mama," alisikia Ambokile akijibu, bila kushusha sauti, kama anayesema yuko shambani. "Ngoja nimwite."

Tusekile alikaza kamba, hakuweza kufanya lingine. Alisikia mwavuli ukiegemezwa ukutani na kiti kikivutwa.

"Usimwite," Bibi Tupokigwe alisema. "Siku ile niliona ulivyoning'inia. Akiacha sasa hivi, si watu watadondoka? Mwache awafikishe. Mimi nipe chai."